Kwa nini mkono ulipona na miguu ikagoma? Mjue Mzee Santiago Ramón y Cajal

Najua nimepotea hapa kijiweni siku nyingi, na wengine mmeshaniandikia kuuliza kama nimefunga virago. Sijafunga. Nilikuwa na swali moja la nyumbani lililoninyima usingizi, na kulitafutia jibu ndiko kulikonifikisha kwa mzee mmoja wa Hispania aliyekufa zamani sana. Leo nataka niwasimulie maisha yake. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, ongeza nyingine kabisa.

Swali lenyewe lilianza hivi. Mwaka juzi binamu yangu alikuwa anaendesha bodaboda, nyuma kampakia rafiki yake wa damu. Wakagongwa. Rafiki alivunjika mfupa wa mkono, ule wa juu ya kiwiko, na kiganja kikawa kinaning'inia, hawezi kukiinua kabisa. Binamu yangu aliumia pingili za mgongo usawa wa kifua, na tangu siku ile miguu yake haijatikisika. Wote wawili tuliambiwa wameumia neva. Mwezi wa tano yule rafiki akaanza kunyanyua kiganja kidogo kidogo, na ulipotimia mwaka akawa anashika kikombe cha chai kama sisi. Binamu, hakuna kilichobadilika.

Sasa shangazi akaniuliza mimi, eti kwa sababu nashinda kwenye kompyuta basi najua kila kitu: kama neva ni neva, mbona ya mtoto wa jirani imeota na ya mwanangu haioti? Halafu akatokea bwana mmoja na chupa za dawa ya kuunganisha neva. Bei yake ilikuwa sawa na kiwanja cha shangazi. Na shangazi alikuwa tayari kukiuza.

Ndio nikaja kafe, nikaanza kusoma.

Mtu niliyekutana naye anaitwa Santiago Ramón y Cajal. Alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha milimani kinachoitwa Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa tabibu wa vijijini aliyejisomesha kwa tabu, mkali kama pilipili, na alishaamua kwamba kijana lazima awe daktari. Kijana mwenyewe alitaka kuchora tu. Alichora kwenye karatasi, kwenye kuta, popote. Basi siku moja baba akampelekea fundi mmoja aliyekuwa anapaka rangi kanisa ili aitazame michoro ya mtoto, na fundi akatoa hukumu kwamba hamna kitu pale. Fundi wa rangi za ukuta! Michoro ya mtoto huyohuyo leo inaonyeshwa kwenye majumba ya makumbusho duniani.

Shule zilimshinda. Alikuwa mtundu kupita kiasi. Akiwa na miaka 11 alitengeneza mzinga wa kienyeji, akaupakia, akalipua geti la jirani, na akawekwa ndani siku kadhaa. Baba akamtoa shule akampeleka kujifunza unyozi, baadaye kushona viatu. Na wanasema viatu alivishona vizuri tu.

Kilichomwokoa kilikuwa mifupa. Kiangazi cha mwaka 1868 baba alimchukua kijana wake wakaenda makaburini kutafuta mifupa ya watu, maana baba alitaka kumfundisha anatomia na hakuwa na kitu kingine cha kufundishia. Mnaona picha hiyo? Mzee na mwanawe, makaburini, wanaokota mifupa. Santiago akaanza kuichora, na hapo ndipo mambo mawili yaliyokuwa yanagombana nyumbani kwao, uchoraji na udaktari, yakapatana. Mwaka 1873 akamaliza udaktari mjini Zaragoza.

Jeshi likamchukua mara moja, na mwaka 1874 akapelekwa Kuba, ambako Hispania ilikuwa inapigana na wananchi waliotaka uhuru wao. Kule aliugua malaria vibaya sana. Hili liliniingia, kwa sababu sisi malaria tunaijua, hatuisomi kwenye vitabu. Alirudi kwao mwaka 1875 amebaki mifupa. Kwa akiba ya mshahara wa jeshi akanunua hadubini yake ya kwanza. (Hadubini, wadau, sio darubini. Darubini ni ya kutazamia vya mbali, hadubini ni ya kutazamia vidogo. Mwalimu wangu wa sekondari alinichapa kwa kosa hilo.)

Mwaka 1879 alioa, mkewe Silveria, wakapata watoto wengi na hela kidogo. Mwaka 1885 kipindupindu kilipoingia Valencia, ambako alikuwa profesa wa anatomia, alikichunguza na kuandika ripoti, na serikali ya jimbo la Zaragoza ikamshukuru kwa kumpa hadubini nzuri ya Zeiss. Alikuwa na umri wa miaka 33, hajulikani na mtu nje ya nchi yake. Lakini sasa alikuwa na jicho.

Hapa niwape ramani kidogo, la sivyo tutapotezana huko mbele. Mfumo wa fahamu wa binadamu una sehemu mbili kubwa. Kuna ya kati: ubongo, wenye uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi, pamoja na ugwe mgongo, ile kamba laini inayopita ndani ya pingili za mgongo, yenye urefu wa sentimita 45 hivi. Zote zimefungiwa ndani ya mfupa. Halafu kuna ya pembeni: neva zinazotoka humo na kusambaa mwilini, jozi 12 kutoka kwenye ubongo na jozi 31 kutoka kwenye ugwe mgongo. Ndani ya hiyo ya pembeni kuna nyaya unazoziamuru mwenyewe, kama za kunyanyua kikombe, na kuna zile zinazofanya kazi bila kukuuliza, za moyo, jasho, mishipa ya damu na tumbo. Tumbo ndilo lenye kiburi kuliko wote. Lina mtandao wake wa neva kwenye kuta zake, na linaweza kusukuma chakula hata amri kutoka juu zikikatika. Humo humo tumboni kuna seli ndogo zinazolipa tumbo mdundo wake, na zinabeba jina la Cajal kwa kuwa yeye ndiye aliyezielezea. Yeye alidhani ni za neva. Siku hizi inajulikana sio.

Zamani za Cajal ramani hiyo kubwa ilishajulikana. Kisichojulikana ni kitu kinachojengea hayo yote. Ukikata kipande cha ubongo ukakiweka chini ya hadubini unaona msongamano wa nyuzi, kama nywele zilizosukwa na kichaa. Haijulikani uzi upi umeanzia wapi. Wataalamu wengi waliamini ni wavu mmoja usiokatika, mwili mzima.

Mwaka 1873 Mwitaliano anaitwa Camillo Golgi, akifanya kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wasioponyeka katika mji mdogo wa Abbiategrasso, alikuwa amegeuza jiko kuwa maabara. Humo akagundua dawa ya ajabu: ukiloweka kipande cha ubongo kwenye daikromati ya potasiamu, kisha kwenye naitreti ya fedha, seli chache sana zinageuka nyeusi tii na zingine zote zinabaki hazionekani. Hakuna aliyejua kwa nini zinachaguliwa chache. Lakini uchache huo ndio faida. Fikiria soko lililojaa watu, halafu ghafla wote wanatoweka wanabaki watatu tu. Utawaona vizuri, mpaka vidole.

Cajal aliiona kazi hiyo mwaka 1887 kwa daktari mwenzake mjini Madrid, Luis Simarro, na kuanzia hapo hakulala. Alihamia Barcelona, na mwaka 1888 ndio ulikuwa mwaka wake. Aliboresha dawa ya Golgi kwa kuloweka mara mbili. Halafu akafanya ujanja mmoja: badala ya kuchukua ubongo wa mnyama mzima, akachukua wa vifaranga na wa ndege ambao hawajaanguliwa, ambao nyuzi zao zilikuwa bado hazijafunikwa na gamba la mafuta linalozuia dawa kuingia. Alichokiona ni kwamba hakuna wavu. Kila seli iko peke yake, ina mwili wake, matawi yake na mkia wake mmoja mrefu. Mkia unaifikia seli nyingine, unaikaribia, lakini hauungani nayo. Kwenye michoro yake akaweka mishale midogo kuonyesha ujumbe unaingilia matawini na kutokea mkiani.

Nani angemsikiliza? Kihispania hakikuwa lugha ya sayansi (mnalijua tatizo hilo, sisi tunaoandika Kiswahili). Akaanzisha jarida lake mwenyewe, kwa hela yake mwenyewe, na familia ile mnaijua. Halafu Oktoba 1889 akabeba hadubini yake mpaka Berlin, kwenye mkutano wa chama cha wanaanatomia wa Ujerumani. Akapanga slaidi zake mezani na kuwavuta wakubwa mmoja mmoja waje wachungulie, akijieleza kwa Kifaransa cha kubabaisha. Mzee Albert von Kölliker, aliyekuwa jina kubwa kuliko wote pale, alichungulia na akabadilika. Baadaye alijifunza Kihispania ili aweze kumsoma Cajal. Mwaka 1891 Mjerumani mwingine, Waldeyer, akazipa seli hizo jina la nyuroni, na jina likashika.

Mwaka 1906 Tuzo ya Nobel ya tiba ikaenda kwa watu wawili kwa pamoja: Golgi na Cajal. Ingekuwa sherehe nzuri, ila Golgi alipopanda jukwaani Stockholm alitumia hotuba yake kuishambulia nadharia ya nyuroni, yaani kumponda mwenzake aliyeketi palepale. Kesho yake Cajal akatoa yake kwa utulivu. Mimi nimesoma habari hiyo mara tatu na bado namwonea Golgi huruma. Dawa yake ndiyo iliyomwangusha.

Mtasema hiyo inahusiana vipi na miguu ya binamu yangu? Inahusiana sana. Kama mwili ungekuwa wavu mmoja, uzi uliokatika ungekuwa ni kama nyavu ya mvuvi: unashona tu tundu. Lakini kama kila mkia ni wa seli moja, basi ukikatwa, kipande kilichotengwa na mwili wa seli kinakufa, na njia pekee ya kupona ni seli yenyewe kuotesha mkia mpya kuanzia pale ulipokatikia, safari yote hadi mwisho. Walikuwepo wataalamu waliobisha, wakidai kipande cha mbele hujitengeneza chenyewe. Cajal aliwajibu kwa slaidi. Tena tangu mwaka 1890 alikuwa ameshaona ncha ya mkia unaoota kwenye kiinitete cha kifaranga: imevimba kidogo, ina vidole vidogo, kama kiganja cha mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.

Kwa miaka mingi akakata neva za wanyama na kutazama siku baada ya siku, na kazi hiyo ikatoka kama kitabu cha juzuu mbili mwaka 1913 na 1914, kuhusu kufa na kuota upya kwa mfumo wa fahamu. Uchapishaji ulilipiwa na madaktari wa Kihispania walioishi Argentina. Humo ndimo nilimokuta jibu la shangazi. Ukikata neva ya mguu au ya mkono, mikia inachipua, inavuka kidonda, inaingia kwenye njia ya zamani. Siku hizi tunajua mwendo wake kwa binadamu ni kama milimita 1 kwa siku. Pigeni hesabu: kutoka katikati ya mfupa wa mkono mpaka kwenye misuli inayonyanyua kiganja ni sentimita 10 mpaka 15, yaani miezi mitatu na kitu mpaka mitano. Yule rafiki wa binamu alikuwa anafuata ratiba ya Cajal bila kujua.

Kwenye ubongo na ugwe mgongo, Cajal aliona kitu cha kusikitisha. Mikia iliyokatwa inajaribu. Inachipua kweli siku za mwanzo. Halafu inasimama, inajikunja, inanyauka.

Mimi nilidhani basi ni seli za aina mbili, za pembeni zenye nguvu na za kati dhaifu. Kumbe sio! Seli inayonyanyua kiganja chako, mwili wake umo ndani ya ugwe mgongo, sehemu ya kati kabisa. Ni mkia wake tu ulioko nje, mkononi. Seli ileile, nusu iko kati, nusu iko pembeni, na ile nusu ya nje inaota. Kwa hiyo tofauti haiko kwenye seli. Iko kwa majirani zake.

Mwanafunzi wa Cajal, Francisco Tello, ndiye aliyelionyesha hili kwenye mwaka 1911. Alichukua kipande cha neva ya mguu wa sungura akakipandikiza kwenye ubongo wa sungura. Mikia ya seli za ubongo, zile zinazosemekana haziwezi, ikaota na kuingia kwenye kile kipande cha neva ya mguu. Ilipopewa mtaa mzuri, ikatembea. Watu waliisahau kazi hiyo miaka mingi, mpaka mwaka 1981 maabara ya Albert Aguayo huko Montreal, Kanada, ikaonyesha jambo hilohilo kwa vipimo vipya, safari hii kwenye ugwe mgongo wa panya, na wabishi wakanyamaza.

Majirani hao ni akina nani? Nje, kwenye neva za mikono na miguu, kila mkia umevikwa na seli za Schwann. Neva ikikatwa, seli hizi zinasaidia kusafisha mabaki, zinajipanga mstari kuonyesha njia, na zinatoa vitu vya kuulisha mkia unaoota. Ndani, kwenye ubongo na ugwe mgongo, kazi ya kuvika mikia inafanywa na seli nyingine kabisa, oligodendrosaiti. Hizi hazifanyi usafi wala hazichori njia, na mafuta yao yana kemikali zinazouambia mkia usimame. Mwanasayansi wa Zurich, Martin Schwab, alizifuatilia kemikali hizo tangu miaka ya 1980. Ongeza na kovu linalojengeka pale palipoumia, unapata ukuta.

Na hapa kuna sehemu ya maisha ya Mzee Cajal ambayo siipendi. Seli hizo za ndani zilielezewa mwaka 1921 na Pío del Río Hortega, ambaye alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya Cajal mwenyewe mjini Madrid. Mwaka mmoja kabla, 1920, Cajal alikuwa amemfukuza. Kulikuwa na fitina za maabara, maneno ya huku yakipelekwa kule, na wivu wa kisomi, na mzee akaamini maneno. Kisha kwa muda akakataa kuzitambua seli hizo kama Hortega alivyozieleza. Yaani mtu aliyeuliza kwa nini sehemu ya kati haioti alimfungulia mlango wa kutokea mtu aliyekuwa ameshika kipande cha jibu. Hata wakubwa wanakosea kwa sababu za kijinga kama zetu tu.

Jambo lingine nililojifunza njiani: neva ya jicho, ile inayobeba picha kwenda nyuma ya kichwa, inahesabiwa kwenye zile jozi 12, lakini kwa ujenzi wake ni sehemu ya ubongo. Imevikwa na seli za ndani. Ndio maana shinikizo la jicho likishaiua, haioti tena, na ndio maana wazee wetu wanaambiwa wawahi kupima kabla giza halijaingia.

Cajal aliendelea kuchora mpaka mwisho. Aliacha michoro inayohesabiwa kwa maelfu, aliandika kuhusu picha za rangi, akaandika hata hadithi za kubuni akijiita Daktari Bakteria. Silveria alitangulia kufa, mwaka 1930. Yeye alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934, akiwa na miaka 82. Katika kile kitabu chake kikubwa aliandika kwamba kwa mtu mzima njia za kati zinaweza kufa na haziwezi kuota, lakini akaacha mlango wazi kwamba huenda sayansi ya baadaye ikaligeuza hilo. Mpaka leo halijageuzwa. Dawa za kuzizima kemikali za kusimamisha zimejaribiwa kwa watu. Mwaka 2018 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, waliwawezesha wagonjwa watatu kupiga hatua tena kwa kuusisimua ugwe mgongo kwa umeme, lakini hiyo ni kuamsha nyuzi zilizonusurika, sio kuotesha mpya. Dawa ya chupa ya kuunganisha ugwe mgongo uliokatika haipo, Madrid wala Montreal.

Hilo ndilo nililomwambia shangazi. Sikulisema vizuri, niliogopa, nikaanza na habari za vifaranga na akaniambia nifike kwenye jambo. Nikafika. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaingia ndani na kurudi na hati ya kiwanja, akanikabidhi niitunze mimi ili asishawishike. Hela kidogo iliyokuwepo tukaongezea, tukanunua kiti cha magurudumu kizuri na godoro la kuzuia vidonda.

Binamu siku hizi anatengeneza simu pale barazani kwao, na wateja anao. Juzi nilimwonyesha kwenye simu mchoro mmoja wa Cajal wa ugwe mgongo wa kifaranga, akauvuta kwa vidole akautazama kitambo, akaniuliza mahali palipokatika pake pangekuwa wapi pale. Nikamwonyesha. Ameniomba nimprintie ukubwa wa A3 abandike juu ya meza yake ya kazi. Ndio ninachongojea hapa kafe sasa hivi, printa imeishiwa wino.